Sampuli 120 au mialo 6? Kisa cha kurekebisha rasimu ya makala kuhusu dagaa wa Mwanza

Rasimu ilirudi kwa msimamizi kwa mara ya nne ikiwa imenyooka kila sentensi. Mikato imekaa mahali pake, marejeo yamepangwa, majedwali yana mistari safi. Hata hivyo haikuwa tayari kutumwa jaridani, kwa sababu dai lake kuu lilikuwa limesimama juu ya hesabu isiyoweza kulibeba. Raundi nne zilitumika kupiga plasta ukuta ambao msingi wake haujakaguliwa.

Kisa hiki kimetungwa kwa makusudi ya kufundishia, kutokana na makosa yanayojirudia katika rasimu za aina hii. Takwimu za upotevu zilizomo ni za kuonyesha hesabu, zisinukuliwe kama matokeo ya utafiti.

Mwandishi ni mwanafunzi wa uzamili jijini Mwanza anayechomoa makala kutoka kwenye tasnifu yake. Swali lake: je, dagaa wanaoanikwa kwenye vichanja (meza za mbao na wavu zilizoinuliwa juu ya ardhi) huharibika kidogo kuliko wanaoanikwa mchangani? Ni swali zuri, na kwa mwambao huu ni swali la mkate wa kila siku. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hufika mwaloni, yaani ufukweni wanaposhushiwa, alfajiri, na kuanzia hapo akina mama wachakataji wanashindana na jua, mvua, mchanga, kunguru na yangeyange. Mvua ikishuka saa nane mchana dagaa wakiwa nusu wakavu, mzigo wa siku nzima unaweza kuishia kuwa chakula cha kuku.

Data zilikusanywa kati ya Machi na Julai katika mialo 6 ya mwambao wa Ilemela na Magu: mitatu yenye vichanja, mitatu inayoanika mchangani. Kila mwalo ulitembelewa siku 4. Kila siku yalichukuliwa mafungu 5 ya dagaa wabichi wa kilo 20, yakafuatwa hadi yakauke, kisha kilichoharibika kikatengwa na kupimwa kama asilimia ya uzito mkavu wa fungu. Siku 24, mafungu 120. Matokeo ya rasimu: mchangani huharibika asilimia 26, kwenye vichanja asilimia 14. Ikisiri ikatangaza kwamba vichanja "hupunguza upotevu kwa asilimia 46".

Maoni 38, matatu yenye uzito

Msimamizi alikuwa ameandika maoni 38 pembeni mwa rasimu. Kati ya hayo, 29 yalihusu lugha, 6 yalihusu mpangilio wa sehemu, na 3 yalihusu data. Yale matatu yalikuwa mafupi kiasi cha kupitwa na jicho: "Sampuli 120 au mialo 6?" "Lini?" "Upotevu gani?"

Mwandishi alianza na yale 29. Ndivyo wengi wanavyofanya, na si kwa uvivu. Koma inarekebishwa kwa sekunde moja na kuleta faraja ya kazi iliyokwisha, lakini "Lini?" inamrudisha mtu kwenye daftari la uwandani, pengine hadi kwenye simu ya mwenyekiti wa BMU, kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi mwaloni. Tatizo ni kwamba maoni ya data yakishughulikiwa mwisho, nusu ya sentensi zilizonyooshwa zitafutwa. Kwa hiyo mpangilio sahihi ni wa kinyume: kwanza data na dai, kisha muundo, mwisho lugha. Njia rahisi ya kujilazimisha ni kuyahamishia maoni yote kwenye jedwali moja lenye safu nne (oni, aina, hatua itakayochukuliwa, ukurasa) na kupanga kwa aina, si kwa kurasa. Yale matatu yakikaa juu kabisa ya jedwali, hayawezi kujificha tena katikati ya makosa ya tahajia.

Lini?

Swali hili ndilo lililotikisa makala nzima. Mwandishi alifungua daftari na kuandika tarehe ya kila siku kati ya zile 24, akaziweka katika makundi mawili: masika, yaani Machi hadi Mei, na kiangazi, yaani Juni na Julai. Picha iliyotoka haikuwepo popote katika rasimu. Kati ya siku 12 za mialo ya mchanga, 8 ziliangukia masika na 4 kiangazi. Kati ya siku 12 za mialo ya vichanja, 3 tu ziliangukia masika na 9 kiangazi. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: mialo ya mchanga ilikuwa karibu na barabara, ikatembelewa kwanza. Hakuna aliyepanga hivyo kwa nia mbaya, lakini mvua haiangalii nia.

Wastani ukihesabiwa upya ndani ya kila msimu, mambo yanakuwa haya. Masika: mchangani asilimia 31, kwenye vichanja asilimia 26. Kiangazi: mchangani asilimia 16, kwenye vichanja asilimia 10. Msomaji anaweza kujihakikishia kwa kalamu. Siku 8 za asilimia 31 na siku 4 za asilimia 16 zinatoa 312, ukigawanya kwa 12 unapata 26. Siku 3 za asilimia 26 na siku 9 za asilimia 10 zinatoa 168, ukigawanya kwa 12 unapata 14. Wastani wa rasimu haukuwa na kosa la kujumlisha hata moja. Kosa lilikuwa katika kulinganisha kikapu kilichojaa siku za mvua na kikapu kilichojaa siku za jua.

Tofauti ya pointi 12 ikashuka kuwa pointi 5 masika na pointi 6 kiangazi. Misimu yote miwili ikipewa uzito sawa, mchangani inakuwa 23.5 na vichanja 18, tofauti ya pointi 5.5. Zaidi ya nusu ya sifa walizopewa vichanja ilikuwa ya jua la Juni.

Mwandishi aliogopa kwamba makala imekufa. Haikufa. Tofauti bado ipo, inaelekea upande uleule katika misimu yote miwili, na hilo ni matokeo yenye nguvu kuliko wastani mmoja mkubwa unaobomolewa na mhakiki wa kwanza atakayeuliza kuhusu mvua. Tena limepatikana jambo jipya ambalo rasimu haikuliona: msimu una uzito mkubwa kuliko chombo cha kuanikia. Kutoka kiangazi hadi masika, uharibifu uliongezeka kwa pointi 15 mchangani na pointi 16 kwenye vichanja. Kichanja chenyewe hakina paa.

Jambo hili halihusu jarida peke yake. Mama mchakataji anayefikiria kukopa VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ili anunue mbao na wavu wa kichanja atapiga hesabu kwa namba atakayosomewa. Kwa kila kilo 100 za dagaa wakavu, kuna tofauti kubwa kati ya kuokoa kilo 12 na kuokoa kilo 5 au 6. Mkopo unaolipika kwa namba ya kwanza unaweza usilipike kwa namba ya pili.

Namba ipi ya kuhesabia?

Oni la "Sampuli 120 au mialo 6?" lilihusu kile kinachohesabiwa kama kimoja. Rasimu ilifanya jaribio la t, kipimo cha takwimu cha kulinganisha wastani mbili, kwa mafungu 60 dhidi ya mafungu 60, kana kwamba kila fungu ni shahidi anayejitegemea. Lakini mafungu 20 ya mwalo mmoja yamekaa chini ya wingu moja, yamevuliwa maji yaleyale, yameanikwa na mikono ileile. Yanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Kuwahoji ndugu 20 si sawa na kuhoji watu 20 wasiojuana.

Ukubwa wa tatizo unapimika. Chukua idadi ya mafungu kwa kila mwalo, toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana ndani ya mwalo, kisha ongeza 1. Kiwango cha kufanana kikiwa 0.2, tunapata 1 + 19 × 0.2 = 4.8. Gawanya 120 kwa 4.8: zinabaki 25. Makala iliyojitangaza kuwa na sampuli 120 ina taarifa zinazolingana na sampuli 25 huru.

Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni nyepesi: tafuta wastani wa kila mwalo, kisha linganisha wastani 3 na wastani 3. Hapo digrii za uhuru (idadi ya wastani, ukitoa 1 kwa kila kundi) ni 4, na thamani ya t inayotakiwa kwa kiwango cha asilimia 5 ni 2.776, badala ya karibu 1.98 ambayo rasimu iliitumia kwa digrii 118. Kizingiti kinapanda sana, na tofauti ndogo inaweza isikivuke. Ya pili ni modeli mseto, inayoweka siku ndani ya mwalo na kuingiza msimu kama kigezo. Ni njia bora zaidi, ila mialo 6 ni michache mno kwa modeli hiyo kukadiria vizuri mialo inavyotofautiana yenyewe kwa yenyewe. Ushauri katika kisa hiki: ripoti zote mbili, weka modeli mbele, na utoe kipimo cha uhakika cha asilimia 95 (confidence interval, yaani masafa ambamo tofauti halisi inakadiriwa kuwa) badala ya kumwachia msomaji thamani ya p iliyo peke yake. Kipimo hicho kikiwa kipana, kiachwe kipana. Mhakiki anayejua kazi hukasirishwa zaidi na namba nyembamba ya uongo.

Grafu nayo ilibadilika. Ya awali ilikuwa na nguzo mbili, 26 na 14, zilizosimama kama minazi. Mpya ina nukta 24, kila nukta ni siku moja, zimepangwa kwa mwalo, nyeusi za masika na nyeupe za kiangazi. Msomaji anaona kwa jicho, bila kusoma hata sentensi moja, kwamba nyeusi ziko juu pande zote mbili na kwamba vichanja vina nyeusi tatu tu.

Linabaki suala la kitenzi. "Hupunguza" ni kitenzi cha aliyegawa vichanja kwa kura na kusubiri matokeo. Hapa vichanja vilikuwepo kabla ya utafiti, na mwandishi hakujua vimefikaje. Alipiga simu mwaloni:

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba mwanangu. Masomo yanaendaje?"

"Yanaenda vizuri, mzee. Naomba kuuliza, vichanja vya hapo kwenu vilijengwa lini, na kwa nini?"

"Tulivijenga sisi wenyewe kwa fedha ya kikundi. Kuna wanunuzi wa soko la Kirumba walikuwa hawataki tena dagaa wenye mchanga, wanalipa zaidi wale safi."

Jibu hilo moja ni kifungu kizima cha mjadala. Mwalo uliojenga vichanja ni mwalo ambao tayari ulikuwa na kikundi chenye fedha na mnunuzi mwenye masharti, kwa hiyo huenda wanageuza dagaa mara nyingi zaidi na kufunika mapema wingu likitanda. Kitenzi kikawa "huhusishwa na". Na neno "athari" likaondoka kwenye kichwa cha makala.

Upotevu gani?

Wataalamu wa uvuvi hutenganisha upotevu wa kimwili, pale dagaa wanapotoweka au kutupwa, na upotevu wa ubora, pale wanapouzwa kwa bei ya chini, kwa mfano kama malighafi ya chakula cha mifugo. Rasimu iliviita vyote "upotevu". Mjadala ukaenda mbali zaidi na kusifu vichanja kwa kuzuia ndege. Lakini kipimo kilichotumika ni asilimia ya uzito mkavu uliobaki, na dagaa aliyeliwa na yangeyange hayuko kwenye mizani hata kidogo! Aya ya ndege ilifutwa yote. Ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko zote, na kuifuta kuliuma.

Neno likawa "kuharibika", likafafanuliwa mara moja katika sehemu ya mbinu: waliooza, waliovunjika na walioshika mchanga kiasi cha kukataliwa na mnunuzi. Sehemu moja ya matokeo ilikuwa kwa ndoo na visado, kama mialoni wanavyouza, na nyingine kwa magunia. Ndoo ni kipimo cha ujazo, na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo wake, halina uzito unaojulikana, kwa hiyo kisichokuwa na uzito wa mizani kiliondolewa kwenye majedwali.

Unyevu ulikuwa na mkanganyiko wake. Jedwali la 2 lilisema asilimia 15 na Jedwali la 4 likasema asilimia 17.6, kwa mafungu yaleyale. Hakuna lililokosea. Katika gramu 100 zenye gramu 15 za maji, ukigawa kwa uzito wote unapata 15, ukigawa kwa gramu 85 kavu unapata 17.6. Chagua njia moja, itaje, na uandike kwamba dagaa walikaushwa kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito ukaacha kubadilika. Vilevile 26 kushuka hadi 14 ni pungufu ya pointi 12 za asilimia, na ni pungufu ya asilimia 46 ya kiwango cha awali. Ikisiri ilichukua namba kubwa bila kusema ni ipi kati ya hizo mbili. Hapo ndipo mhakiki huanza kumtilia mwandishi shaka hata mahali aliposema kweli.

Muundo baada ya dai kutulia

Hapa kazi inakuwa nyepesi, maana sasa kuna kigezo cha kukatia. Rasimu ilikuwa na maneno 9,400 na jarida linaruhusu 6,000. Utangulizi pamoja na mapitio ya maandiko ulikula 4,300, mbinu 900, matokeo 1,700, mjadala 1,300, hitimisho na mapendekezo 1,200. Mwandishi aliandika sentensi moja pembeni ya kila aya kueleza aya hiyo inafanya kazi gani. Swali la utafiti lilionekana kwa mara ya kwanza katika aya ya 19. Aya 18 za mwanzo zilieleza kwamba Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800, kwamba Tanzania ina asilimia 51, Uganda 43 na Kenya 6, na jinsi sangara alivyoingizwa ziwani katika karne ya 20. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalomsaidia msomaji kupima kichanja. Tasnifu hudai mwanafunzi aonyeshe amesoma. Makala hudai aonyeshe pengo, na pengo hili lilitosha katika aya nne.

Toleo jipya: utangulizi 750, mbinu 1,500, matokeo 1,300, mjadala 1,500, hitimisho 200. Jumla 5,250, na maneno 750 yameachwa wazi makusudi, kwa sababu wahakiki karibu kila mara huomba nyongeza. Mbinu ziliongezeka huku kila kitu kingine isipokuwa mjadala kikipungua. Tarehe, jinsi mialo ilivyochaguliwa, nani alitenga dagaa walioharibika na kama alijua wametoka wapi: hayo ndiyo msomaji anayahitaji ili aamini.

Lugha

Makala imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo msomaji wa mbali anahitaji kujua samaki yupi. Mara ya kwanza jina kamili, Rastrineobola argentea (Pellegrin, 1904), kwa herufi za mlalo isipokuwa jina la mtu na mwaka. Mabano yana maana yake, kwamba spishi ilielezwa kwanza chini ya jenasi nyingine, kwa hiyo yasiondolewe. Baada ya hapo R. argentea, au "dagaa", ikitajwa mara moja kwamba ndiye omena wa Kenya na mukene wa Uganda. Yale maoni 29 ya lugha yalikuwa yamebaki 11 tu. Mengine yaliondoka na aya zake.

Jina la faili libebe tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, na waandishi wenza wapokee nakala kwa zamu, si wote kwa pamoja. Namba za kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na cha maadili zikaguliwe na hati zenyewe, si kutoka kwenye kumbukumbu.

Ukaguzi wa mwisho ulikwenda kinyumenyume: kila namba ya ikisiri ikafuatwa hadi kwenye jedwali lake, na kila namba ya jedwali hadi kwenye daftari. Ikisiri sasa inasema: "Katika mialo 6, dagaa walioanikwa kwenye vichanja waliharibika kwa pointi 5 za asilimia pungufu wakati wa masika na pointi 6 pungufu wakati wa kiangazi, ikilinganishwa na wa mchangani. Takwimu za masika kwa vichanja zinatokana na siku 3 tu."

Sentensi hiyo ya mwisho mwandishi mwenza alitaka ihamishiwe kwenye mjadala, ili ikisiri isionekane dhaifu. Ilibaki. Ikaingia pia katika karatasi ya ukurasa mmoja ya Kiswahili iliyoandaliwa kwa BMU za mialo yote 6, chini ya mstari huu: "Kwa kila kilo 100 za dagaa wakavu, vichanja viliendana na kilo 5 hadi 6 zaidi za dagaa wazima. Siku za mvua tulizopima kwenye vichanja zilikuwa chache. Kabla ya kukopa, pigeni hesabu kwa kilo 5."